Maswali na majibu: Mkulima, trekta na theluji ya vijijini Uingereza

Wasomaji wanaoishi vijijini Uingereza, wengi wao wahudumu wa wazee wanaozunguka nyumba hadi nyumba, wametuuliza kuhusu wakulima wanaoondoa theluji barabarani.

Jirani yangu mkulima alikuwa akisukuma theluji kwa trekta kabla hakujapambazuka. Analipwa au anajitolea? (Northumberland)

Mara nyingi yote mawili. Halmashauri kama yako, na zile za North Yorkshire na Derbyshire, huingia mikataba na wakulima mapema. Kwa kawaida mkulima hupangiwa njia zake, akalipwa kwa kazi aliyofanya, na mara nyingi lile bapa la chuma la mbele, linalofanana na la greda, ni mali ya halmashauri. Lakini theluji ikizidi, kama ilivyozidi mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018, hata wasio na mkataba hutoka. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ana lake pia: ng'ombe lazima wakamuliwe kila siku, na lori lisipofika tangi hujaa, maziwa yakamwagwa.

Kwa nini halmashauri isilete magari yake? Kodi si tunalipa? (Devon)

Mnalipa, na mna haki ya kuuliza. England na Wales, sheria ya barabara ya 1980, baada ya kurekebishwa 2003, inazitaka mamlaka zizuie hatari ya theluji na barafu kadiri inavyowezekana. Magari ni machache, kwa hiyo huanzia barabara kuu, njia za mabasi na za hospitali.

Tatizo la pili ni njia zenyewe. Nyingi za kwenu zimezama chini kuliko mashamba, zina ua wa miti kila upande. Theluji ikishakoma kuanguka, upepo huikumba kutoka mashambani na kuimwaga humo mpaka njia inajaa hadi juu ya ua. Chumvi haifui dafu hapo. Hata theluji ikiwa kidogo, chumvi hufanya kazi vizuri pale magari yanapopita mara kwa mara na kuisagasaga. Njia ya magari matatu kwa siku haiipi nafasi hiyo. Panatakiwa trekta, na mtu anayejua mtaro uko wapi hata usipoonekana.

Ni kweli wanaruhusiwa kutumia dizeli nyekundu? (Shropshire)

Ndiyo. Dizeli hiyo ya ushuru nafuu ilibanwa matumizi kuanzia Aprili 2022, ila trekta la shamba linaloondoa theluji barabarani bado linaruhusiwa.

Nikikutana nalo kwenye njia nyembamba nifanyeje? (Cumbria)

Mpishe wewe. Rudi nyuma taratibu hadi penye upana, usimame. Bapa mara nyingi ni pana kuliko trekta, na dereva akisimama kwenye mlima anaweza kushindwa kuondoka tena. Ukiwa nyuma yake, kaa mbali na usimpite: mbele yake hakujasafishwa, nawe ukikwama, umemfungia njia yeye na kijiji kizima. Usiku wa kuamkia theluji usiegeshe gari kandokando ya njia. Gari lililofunikwa halionekani kwa urahisi, naye akiliona hana budi kuishia hapo.

Nataka kumsaidia. Mimi sina trekta, nina koleo tu. (Herefordshire)

Koleo linatosha kwa mlango wa mzee na kipande cha njia cha mbele yake. Usimwage maji ya moto, yataganda yawe barafu mbaya zaidi. Tumia chumvi au mchanga.

Lililo kubwa zaidi lifanye sasa, kabla ya baridi. Ikiwa kuna mzee unayemhudumia ambaye hawezi kukosa dawa yake ya asubuhi, muombe ruhusa yake na ya mwajiri wako, kisha nenda ukamwonyeshe mkulima nyumba ilipo na lango linakofungukia. Mpe na namba yako ya simu.