Mamako asinyweshwe sanamaki, na vidonge asiache

Waalaikumu salaam dada. Umesema mamako ana baridi yabisi, anatumia vidonge vya sulfasalazini, na kuna mtu amewaambia ugonjwa huu chanzo chake ni tumbo, kwa hivyo aache vidonge asafishwe kwa sanamaki, yale majani ya kuharisha. Mimi naugua hayo hayo hapa Lamu na dawa yangu ni hiyo hiyo. Nakuomba unisikize kabla hamjachemsha chochote.

Kwamba tumbo linahusika, ni kweli. Baridi yabisi hii ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyetu wenyewe. Sehemu kubwa ya seli za kinga zimekaa kwenye kuta za utumbo, na bakteria waishio humo ndio wanaozizoesha kumtambua adui. Panya wanaolelewa maabara bila bakteria hata mmoja hukua na kinga isiyokomaa. Mwaka 2013 watafiti wa New York walipima choo cha wagonjwa wapya wa baridi yabisi, ambao hawajaanza dawa, wakakuta bakteria aitwaye Prevotella copri amezidi kuliko kwa watu wenye afya. Lakini kumkuta hapo si kuthibitisha kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa. Kuna urithi, kuna sigara, kuna mengi.

Sasa hiyo sanamaki. Kazi yake ni kuharisha, haichagui bakteria mbaya ikawaacha wazuri. Tena sulfasalazini ya mamako inawahitaji bakteria hao! Ukiimeza, sehemu yake kubwa hushuka nzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria ndio huikata vipande viwili: salfapiridini, inayoingia kwenye damu, na mesalazini, ambayo nyingi hubaki utumboni. Wasipoikata, dawa haifanyi kazi ipasavyo. Anayemwambia mtu wa dawa hii ajiharishe anamdhulumu, hata akiwa na nia njema.

Kabla ya dawa, asubuhi nilikuwa siwezi kukamua tui. Vifundo vimevimba, vina moto, vidole havikunjiki mpaka jua lipande. Vilivyonirudishia mikono ni vidonge, na vilichukua wiki nyingi.

Chakula nacho nakizingatia. Bakteria wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo husaidia zile seli zinazoituliza kinga isijishambulie. Kwa hivyo kwangu mkate wa mofa, mbaazi, kunde na mchicha havikosekani. Tumbo limetulia, choo ni kizuri. Zaidi ya hapo sidai.

Kama vidonge vinamtia kichefuchefu, na wengi huvichukia kwa hilo, ameze baada ya kula, na mumuulize daktari kama kipimo cha dawa kinaweza kushushwa kisha kupandishwa polepole. Vipimo vya damu na ini asivikose, hata kama ni kuvuka Mokowe na kupanda basi. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa msishtuke, ni dawa. Ila akishikwa na homa na vidonda vya koo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho.