Wanaoanza waanze na pambo gani?
Umeuliza wanafunzi wapya wa ufinyanzi waanze na pambo gani kwenye vyombo vya udongo. Mimi ningewaanzisha na kukwangua: wapake uji wa udongo wa rangi tofauti juu ya chombo, mng'ao wa maji ukishapotea wachore kwa kukwangua mpaka rangi ya chini itokee. Kinachosumbua hasa ni unyevu. Chombo kishikike bila kubonyea, ila ukucha uache alama. Kikiwa kibichi mno, kingo za mstari zinachakaa. Kikikauka, uji unabanduka vipande vipande. Ndiyo maana ni bora uandae vigae bapa vya udongo vya kujifunzia mapema, uvifunge kwenye nailoni visikauke. Na wakataze kupangusa chembe za udongo uliokwanguliwa kwa kidole (watafanya tu!), zinapaka mchoro matope. Zikikauka, brashi laini inatosha. Glezi (ule mpako unaogeuka kama kioo chombo kikichomwa) iache kwa somo lingine.