"Saber" si "kujua" tu, mimi iliniponza euro 400

Mkuu, umeandika kwamba unakwenda Valencia, Hispania, na kuhusu kitenzi cha Kihispania "saber" ukasema "saber ni kujua, nimeshaikariri". Ukitua na hiyo, utaumia. Mimi niliondoka Dar na sentensi hiyo hiyo, kutoka kwa mwalimu wa tuisheni niliyemlipa miezi mitatu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga chumba ghorofa ya tatu. Usiku mmoja jirani wa chini akagonga mlango: dari lake linadondosha maji. Kumbe bomba la sinki letu lilikuwa linavuja kwa nyuma, mimi sina habari. Asubuhi mama mwenye nyumba akaja, akainama, akagusa mbao za kabati zilizovimba kama mkate uliolowa chai, akaniuliza: "¿Tú lo sabías?", yaani "wewe ulijua?" Mimi kichwani: nilijua, ndiyo, jana usiku jirani alipogonga. Nikajibu kwa kujiamini, "Sí, lo sabía."

Uso ukambadilika. Nilichomwambia ni kwamba nilikuwa najua muda wote na nikanyamaza. Nilipohama, "fianza" yangu, ile amana ya euro 400, haikurudi.

"Nilijua" yetu inabeba mambo mawili, na Kihispania kinayatenganisha. "Sabía" ni nilikuwa najua. "Supe" ni nilipata habari, ndipo nikajua. Nilitakiwa kusema "No, lo supe anoche", hapana, nilipata habari jana usiku. Maneno manne! Mtaani utasikia zaidi "me enteré anoche", maana ni ile ile.

Mwalimu yule alitukaririsha supe, supiste, supo kama wimbo, lakini hakuna siku aliyotuambia kwamba ukihama kutoka "sabía" kwenda "supe" maana nayo inahama. Lingemchukua dakika tano ubaoni. Bado linaniuma, maana Kihispania chake kilikuwa kizuri kabisa.

Kwa hiyo kila ukitaka kusema "nilijua", jiulize kwanza kwa Kiswahili: nilikuwa najua, au nilipata habari? Usifungue mdomo kabla hujapata jibu. Hata hiyo "conocer" (kumfahamu mtu) uliyoiulizia iko hivyo hivyo: "conocía a tu hermano", nilikuwa namfahamu kaka yako, "conocí a tu hermano", hiyo ndiyo siku tuliyofahamiana.

Tunga sentensi tatu za "supe" na tatu za "sabía", uziweke hapa nizione kabla hujapanda ndege.