Fedha za fainali zitengwe kabla ya filimbi ya kwanza

Kama unaendesha ligi ya wasichana kwa fedha za mdhamini mmoja, tenga fedha za fainali kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa. Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Na mfano niliuona mapema kabisa, kwenye mbio za magari, nikaupita.

Niliifuatilia W Series tangu ilipoanza mwaka 2019 kule Hockenheim, Ujerumani. Yalikuwa mashindano ya wanawake watupu, magari ya kiti kimoja na magurudumu yaliyo wazi, mfano wa langalanga (Formula 1) ila kasi yake ndogo zaidi. Kilichonivuta ni kwamba dereva hakuambiwa alete hela. Kwa kawaida chipukizi wa mbio hizi hulipia nafasi kwenye timu, iwe kwa fedha za familia au za mdhamini wake, na wasichana wengi hukwama hapohapo. W Series walibeba gharama wenyewe, magari yote yalikuwa ya aina moja, na bado waliweka zawadi ya dola milioni 1.5 kwa msimu, 500,000 zikiwa za bingwa.

Msimu wa 2022 ulipangiwa mbio 10, kwenye wikendi zilezile za Formula 1. Jamie Chadwick wa Uingereza, bingwa wa 2019 na 2021 (korona ilifuta 2020), alishinda tano za mwanzo mfululizo, kuanzia Miami hadi Le Castellet, Ufaransa. Budapest akashinda Alice Powell. Tarehe 2 Oktoba, Singapore, Chadwick alikuwa na nafasi ya kumaliza kazi. Akagonga kizuizi, na ushindi ukaenda kwa Beitske Visser wa Uholanzi. Zikabaki tatu: moja Austin, mbili Mexico City. Nilishajiandaa kukesha.

Siku chache baadaye ikatangazwa kuwa hizo tatu zimefutwa. Fedha zilizokuwa kwenye mkataba na mwekezaji hazikuingia. Chadwick akatwaa taji la tatu, na alilistahili, lakini alilipata kwa tangazo. Waliokuwa nyuma yake walipoteza mbio tatu mbele ya macho ya wakuu wa timu za Formula 1, nafasi ambayo dereva wa kike haipati kila mwaka. Juni 2023 kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na msimu ule ukawa wa mwisho.

Nilisikitika sana, wala sikujiuliza ligi yangu mwenyewe ya netiboli, Morogoro, imesimama juu ya nini. Mwaka uliofuata mdhamini wetu aliahidi awamu tatu. Mbili zilikuja. Ya tatu nikaambiwa "wiki ijayo" mara mbili, na mimi nikanyamaza. Alhamisi jioni wasichana wa Kilosa walishuka kwenye basi na mabegi yao. Wakalala darasani, juu ya mikeka, jezi wamezikunja vizuri chini ya vichwa. Ijumaa asubuhi ndipo nikawaambia hakuna fainali. Nahodha wao aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulijua tangu lini?"

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye ligi, bajeti ianzie mwisho. Hesabu waamuzi, nauli, chakula na tuzo za siku ya fainali, fedha hiyo ifungiwe, kisha uone zilizobaki zinatosha raundi ngapi. Zikitosha nne, chezesha nne. Ahadi usiihesabu kama hela hata kama imesainiwa. Mwekezaji wa W Series naye alikuwa na mkataba. Na siku awamu inapochelewa, wachezaji wajue siku hiyohiyo, kabla hawajakopa nauli.

Wapo walionishauri tuwachangishe wachezaji. F1 Academy, mashindano ya wanawake ya Formula 1 yenyewe, iliyoanza 2023, ilikwenda njia hiyo: Formula 1 ilitoa euro 150,000 kwa kila gari na dereva akatakiwa kuleta kiasi kama hicho. Huenda ndiyo inayowafanya wadumu. Mimi bado naamini W Series hawakukosea kumwondolea msichana mzigo wa ada. Walikosea kuanza safari bila nauli ya kurudi. Msichana wa Kilosa ukimwambia achangie, humwoni tena, na mara nyingi huyo ndiye mfungaji wako bora.

Sasa tuna akaunti ya fainali peke yake. Haitoki shilingi bila saini mbili. Moja ni yangu, ya pili ni ya yule nahodha, ambaye siku hizi ndiye katibu wetu.