Mwanangu, kapime PTH kwanza

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako. Unasema kalsiamu kwenye damu imetoka juu mara mbili, 2.85 halafu 2.9 (mmol kwa lita), daktari kakwambia punguza maziwa urudi baada ya miezi 3, na wewe unaniuliza kama kweli ni maziwa au ni kansa. Nakujibu kama mama yako na kama nesi niliyekaa wodini mpaka nikastaafu.

Maziwa sio. Watu wanakunywa maziwa tangu utoto na kalsiamu yao inabaki palepale, kati ya 2.1 na 2.6 hivi, kwa sababu mwili wenyewe unailinda. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi vingine vidogo vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinaitwa parathairoidi. Kalsiamu ikishuka vinatoa homoni inaitwa PTH, inachota kalsiamu kwenye mifupa na kuzizuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na kalsiamu ikipanda vinatakiwa vinyamaze. Basi swali la kumuuliza daktari ni moja tu, kalsiamu ikiwa juu hivi, PTH inasemaje?

Damu ya PTH na ya kalsiamu zitolewe siku hiyohiyo, na waongeze albumini, yaani protini ya damu, maana karibu nusu ya kalsiamu inabebwa na protini, protini ikicheza na namba inacheza. Pia vitamini D, fosfeti na figo. Sio kila maabara wanapima PTH kwa hiyo ulizia kabla hujapanda daladala. Na hapa unisikilize vizuri mwanangu, majibu yakija yameandikwa PTH kawaida usifurahi ukaenda zako nyumbani, kwa sababu kalsiamu ikiwa juu PTH inatakiwa iwe chini kabisa, hiyo "kawaida" sio kawaida, maana yake vitezi havijanyamaza. Wengi wanapotelea hapo miaka na miaka.

Ikiwa hivyo, mara nyingi ni kitezi kimoja kimevimba, na hicho kivimbe karibu kila mara sio kansa, kinatolewa kwa upasuaji mtu anapona. Nalifikiria sana lile jiwe la figo lililokulaza mwaka juzi, na huo uchovu, kiu, kukojoa usiku kucha, choo kigumu, mifupa kuuma, hata hayo mawazo mazito uliyosema huyaelewi yanatoka wapi. Hivyo vyote vinaweza kuwa mzigo mmoja. Tafuta makaratasi yako ya zamani uone kalsiamu ilikuwaje kipindi kile, kama ilikuwa juu kidogo tangu hapo ni tofauti kabisa na iliyopanda ghafla ndani ya wiki chache.

Ultrasaundi ya shingo ikiwa safi usikate tamaa. Kuna nahodha wa meli Mmarekani, Charles Martell, mifupa ilimwisha mpaka akapungua urefu, wakampasua shingo mara kadhaa bila kuona kitu, mwaka 1932 huko Boston ndio wakakikuta kivimbe kifuani. Kitezi kinaweza kukaa mbali na wenzake.

PTH ikitoka chini, hapo wanatafuta kwingine. Vidonge vya vitamini D vya dozi kubwa, vya kalsiamu, hivyo vya kiungulia unavyotafuna kila siku, dawa ya presha yenye HCT (hydrochlorothiazide) kwenye paketi, kifua kikuu pia kinaweza, na ndio, kansa, ikiwemo ya uboho. Sikufichi. Ila kansa ikipandisha kalsiamu mara nyingi mgonjwa anakuwa tayari hoi, anakonda. Vidonge vya dukani acha leo, ya presha usiiache bila kumwambia daktari, na majina yote mpelekee.

Kunywa maji ya kutosha. Ukianza kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, au moyo kwenda mbio, usinisubiri mimi wala hiyo miezi 3, nenda emejensi wakuwekee dripu, na mwenzako mwambie tangu sasa ajue dalili hizo maana mtu akichanganyikiwa hajijui.

Jambo lingine, kuna aina ya kalsiamu kuwa juu inayorithiwa ambayo haina madhara makubwa, inajulikana kwa kupima mkojo wa saa 24 na upasuaji hauisaidii, kwa hiyo kabla hujakubali kupasuliwa hakikisha huo mkojo umepimwa. Mimi nakwenda kupima kalsiamu yangu wiki hii na nimemwambia baba yako naye apime, mdogo wako baadaye. Nipigie picha majibu yote, hata ya zamani, nitumie WhatsApp leo, na daktari bingwa wa homoni tumuone wiki ijayo, nauli ya kuja huko ninayo.

Mama