Jibu: Wataalamu wa nje wakiondoka, wizara ya kilimo inabaki na nini?
Mkuu, umeuliza kama wizara ya kilimo hubaki na chochote mradi wa wafadhili ukiisha. Hubaki, kama ujuzi umeingia kwenye vyuo vyake. Angalia Moshi. Wajapani walisaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ikakamilika 1987. Mpunga ukastawi, wakulima wa juu ya mto wakaiga, wakachepusha maji. Wa chini wakabaki na majaruba makavu. Mhandisi gani wa kigeni angeamua ugomvi huo? Lakini KATC, kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kilimanjaro, pale Chekereni, kilizalisha wakufunzi Watanzania: kusawazisha jaruba, kupandikiza kwa mstari, kisha mkulima aliyefunzwa anafundisha wenzake. Mradi wa TANRICE wa 2007, wa mafunzo ya kilimo cha mpunga kwa msaada wa Japani, ukaupeleka utaratibu huo kwenye vyuo vingine vya wizara, kama Igurusi. Magari ya mradi, sijui yako wapi.