Jibu: Binzari (manjano), kitunguu saumu na inflamesheni inayochangia saratani

Mwenzetu ameuliza kama viungo na mboga hutuliza inflamesheni (mwasho wa ndani ya mwili) inayochangia saratani, na kama mamake anayeanza kemo (dawa za saratani) pale hospitali ya Mulago, Kampala, anywe vidonge vya binzari.

Nianze na mama. Asivinywe mpaka daktari wake akubali. Vidonge vingi vimetiwa piperini ya pilipili manga, nayo huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, hivyo dawa inaweza kuzidi mwilini. Kwa mwenye kutumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kukumini, yaani kemikali ya manjano iliyo ndani ya binzari, huweza kushusha nguvu ya dawa. Mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kutokwa damu.

Sasa jikoni. Inflamesheni ikidumu, ndani ya seli protini iitwayo NF-kB hubaki imeamka, na seli zilizoharibika ambazo zingekufa huendelea kuishi na kugawanyika. Kwenye maabara, kukumini huituliza protini hiyo. Kazi ni kuifikisha kukumini kwenye seli za mwili: haiyeyuki kwenye maji, na ini huiondoa upesi. Ndiyo maana binzari iliyokorogwa kwenye maji matupu inakupa rangi zaidi ya kitu kingine. Tia nusu kijiko cha chai kwenye mafuta, moto mdogo, kama sekunde 30, kisha nyanya. Ikiungua mchuzi wote unakuwa mchungu. Lakini tusidanganyane. Kijiko cha chai kimoja ni kama gramu 3, na kukumini ndani yake ni takriban asilimia 3 tu. Jaribio moja la saratani ya kongosho lilitumia gramu 8 za kukumini kwa siku, yaani zaidi ya vijiko 80 vya binzari, na waliopata nafuu walikuwa wachache mno.

Kitunguu saumu kiponde, kikae dakika 10, ndipo kiende motoni. Kimeng'enya chake huanza kazi ya kutengeneza kemikali tunayoitaka kikishapondwa, na joto hukiua. Kabichi na sukuma wiki vivyo hivyo: katakata, subiri, pika kwa mvuke dakika 4 au 5. Ukichemsha na kumwaga maji, umemwaga ulichokuwa unakitafuta.

Vidonge vya beta-karotini (kemikali ya rangi ya karoti) kwa mvutaji sigara, hapana kabisa: utafiti wa Ufini wa 1994 ulikuta saratani ya mapafu imeongezeka.

Halafu tuangalie chanzo. Inflamesheni ya ini huku kwetu Uganda mara nyingi inatoka kwa homa ya ini B, na hakuna mboga ya majani, iwe nakati au dodo, inayoiondoa. Kapime, asiye nayo achanjwe. Mwenye nayo aogope zaidi karanga zenye ukungu, maana aflatoksini, sumu ya ukungu huo, na virusi vya homa ya ini B vikikutana hatari ya saratani ya ini hupanda sana, na kukaanga hakuondoi sumu yote.